Vifaru wa Makueni na Ardhi ya Machakos



Msafiri atokaye mji wa Machakos kwenda Wote siku hizi hupita katikati ya mashamba. Kushoto na kulia huona miembe na michungwa, mahindi na mbaazi, matuta yaliyokatwa mbavuni mwa vilima, shule, makanisa, na maduka yaliyoezekwa kwa mabati. Haimwingii akilini kwamba mwaka 1944 sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa pori la migunga na vichaka vya miiba, lisilo na kijiji wala shamba, na kwamba wenyeji wake wakubwa walikuwa vifaru, ambao kwa Kikamba kila mmoja huitwa mbusya.

Leo hakuna kifaru hata mmoja anayetembea katika mashamba hayo. Hawakuondoka kwa hiari yao, wala hawakumalizwa na ukame au maradhi. Waliuawa kwa amri ya serikali, kwa bunduki, katika muda wa miaka miwili na kidogo, tangu mwisho wa Agosti 1944 mpaka mwisho wa Oktoba 1946. Hesabu inayotajwa ya waliouawa na mwindaji mmoja tu ni 996. Kwa kuwa habari hii husimuliwa mara nyingi nusu nusu, na wengine wakiisimulia kama kwamba ni sifa na wengine kama kwamba ni dhambi tupu, yafaa ielezwe kwa utaratibu tangu mwanzo wake.

Mwanzo wake haukuwa porini, bali milimani. Wilaya ya Machakos ya siku hizo ilikuwa kubwa kuliko Kaunti ya Machakos ya leo, kwa maana Makueni haikutengwa kuwa wilaya peke yake mpaka mwaka 1992. Watu wengi walikaa katika milima ya Iveti, Mbooni na Kilungu, mahali penye mvua na chemchemi, na mifugo yao ililishwa katika nyika za chini ambazo Wakamba huziita weu. Ilipokuja serikali ya kikoloni, mipaka ya hifadhi ya Wakamba ilichorwa, na nyika nyingi nzuri za upande wa Athi na vilima vya Mua zikagawiwa walowezi wa Kizungu. Watu wakaongezeka, mifugo ikaongezeka, lakini ardhi haikuongezeka. Ng'ombe walikula majani mpaka mizizi. Mvua iliponyesha ikakuta udongo mtupu, ikauchukua kwa kishindo mpaka mitoni. Makorongo yakafunguka kama majeraha.

Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, afisa wa serikali aliyeshughulika na uhifadhi wa udongo, aliandika taarifa juu ya hali ya Machakos. Alieleza nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa mbele ya macho ya watu, ya mawe na mchanga. Katika kueleza ubovu wa ardhi hakukosea. Lakini dawa ambayo serikali ilichagua ilikuwa chungu mno: mwaka 1938 iliamuru mifugo ipunguzwe, na ng'ombe wa watu wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe. Hakuna jambo lililowaumiza Wakamba kuliko hilo. Julai 1938 maelfu yao, wanaume kwa wanawake, waliondoka kwa miguu kwenda Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko kwa majuma mengi wakitaka kusikilizwa na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu ililegezwa kabla ya mwaka kwisha. Jina lake limebaki katika barabara moja ya Nairobi, na wengi waipitao kila siku hawajui ilivyolipata.

Basi ng'ombe walirudi, na taabu ya ardhi ikabaki pale pale. Baada ya hapo wenye kufikiri mambo ya wilaya walitazama upande wa kusini, katika pori la Makueni. Hapo palikuwa na nafasi. Lakini palikuwa na vizuizi vitatu: maji yalikuwa haba, mbung'o walikuwa wengi na waliua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, na kila kichaka kilikuwa na kifaru wake.

Mtu asiyemjua kifaru mweusi huenda akadhani kizuizi hiki cha tatu kilitiwa chumvi. Mnyama huyu ana uzito wa kilo 800 hata 1,400. Macho yake ni mabovu, lakini pua na masikio yake ni makali sana. Mchana hulala ndani ya kichaka, na mgongoni mwake hukaa ndege mdogo mla kupe, ambaye Waswahili humwita askari wa kifaru, kwa kuwa hupiga kelele amwonapo mtu. Kifaru akishtuka hangoji kupeleleza ni nani aliyekuja. Huondoka mbio kuelekea mahali palipotoka harufu, na mbio zake hakuna binadamu awezaye kuzishinda. Mdomo wake wa juu umechongoka kama kidole, nao huutumia kuvuta matawi na majani ya vichaka. Hali nyasi kama kifaru mweupe. Kwa hiyo pori lile lile la miiba ambalo mkulima alitaka kulifyeka ndilo lililokuwa chakula chake na nyumba yake. Vibarua waliopelekwa kukata vichaka kwa mapanga na mashoka walijikuta wakikimbia na kupanda miti mara kwa mara, na katika pori la miiba hata kupanda mti ni adhabu.

Idara ya Wanyama wakati huo iliongozwa na Kapteni A. T. A. Ritchie, ambaye alikuwa Mlinzi Mkuu wa Wanyama wa Kenya tangu mwaka 1924 mpaka 1948. Idara hiyo iliwekwa ili ilinde wanyama. Lakini iliwekwa pia ili iwazuie wasidhuru watu, na mara nyingi kazi hizi mbili haziendi pamoja. Kazi ya Makueni alipewa John Alexander Hunter, Mskoti aliyekuwa amekaa Kenya miaka mingi na aliyejulikana kwa shabaha. Hakuwa peke yake. Mbele yake walitembea wafuatiliaji wa Kikamba, watu waliojua kusoma unyayo juu ya mawe, na bila wao asingalimpata hata mmoja kati ya kumi. Pembe zilikuwa mali ya serikali. Nyama ililiwa na watu wa jirani, ambao walifuata milio ya bunduki wakiwa na visu na vikapu, na baada ya saa chache mizoga mikubwa ilibaki mifupa.

Hunter aliandika habari hizo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1952. Ni jambo la kutazamwa kwamba mtu aliyefanya kazi hiyo hakuieleza kwa majivuno tu. Alijiuliza ndani ya kitabu hicho kama ilistahili kuwaondoa wanyama wa ajabu namna hiyo ili kupata ekari nyingine chache kwa watu wanaozidi kuongezeka, wala hakujipa jibu. Swali hilo lilikuwa la haki. Huenda lingalifaa zaidi kama lingaliulizwa ofisini kabla ya Agosti 1944.

Kwa maana kifaru si sungura. Jike huchukua mimba miezi 15 au 16, huzaa mtoto mmoja tu, na mtoto humfuata mama miaka miwili au zaidi kabla ya mwingine kuzaliwa. Jike mwenyewe hafikii kuzaa mpaka awe na umri wa miaka sita hivi. Mtu akiwaua swala wengi leo, na mvua ikiwa njema, nyika hujaa tena baada ya miaka michache. Akiua vifaru elfu moja, hata kama hakuna atakayeshika bunduki tena, wajukuu wake ndio watakaowaona wamerudi, ikiwa bado kuna pori la kurudi.

Wengine husema kwamba wangaliweza kuhamishwa. Kwa njia za leo ni kweli. Kwa njia za 1944 sivyo. Bunduki ya kurusha sindano ya dawa ya usingizi haikuwapo. Ilikuwa mpaka mwanzo wa miaka ya 1960 ndipo vifaru wa Kenya walipoanza kulazwa kwa dawa, kupakiwa katika magari na kupelekwa penye usalama. Mbuga ya Taifa ya Tsavo nayo, ambayo ingaliweza kuwapokea, haikutangazwa mpaka mwaka 1948, wakati mifupa ya Makueni ilipokuwa tayari imepauka kwa jua. Hivyo kosa la watu wa siku hizo halikuwa kwamba walikataa njia iliyokuwapo. Kosa lao, kama ni kosa, ni haraka. Hawakuacha hata kipande kimoja cha pori kwa mnyama huyu, wala hawakuhesabu kwanza walio hai. Waliohesabiwa ni wafu.

Kwa upande wa pili haifai kusema kwamba ardhi ile ilipotezwa bure. Mwanzoni Wakamba hawakuikimbilia. Waliogopa kwamba ardhi iliyosafishwa kwa fedha za serikali siku moja ingechukuliwa na serikali, na baada ya mambo ya 1938 nani angewalaumu? Tena walowezi wapya wa Makueni walipewa masharti magumu: mifugo michache, matuta lazima, kulima kwa kufuata mstari uliopimwa. Lakini polepole walihamia, wachache kwanza, kisha wengi, na baadaye wakaja wengine wasioitwa na mtu, wakafyeka pori kwa mikono yao mpaka mbali kupita mpango wowote.

Matuta yenyewe yana hadithi yake. Yalipoamriwa kwa nguvu yalichukiwa, na mengine yaliachwa yabomoke mara tu amri ilipolegea. Lakini kulikuwa na namna moja ya tuta ambayo watu waliipenda wenyewe, ile inayoitwa fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, ukafanya ukingo, na baada ya misimu kadhaa shamba likawa kama ngazi iliyo sawa. Vikundi vya mwethya, ambavyo ni desturi ya kale ya Wakamba ya kusaidiana kazi, viliyachimba matuta hayo mamia kwa mamia, na mara nyingi waliokuwa mbele kwa majembe ni wanawake. Katika kituo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, wataalamu walitengeneza mahindi yanayokomaa upesi kabla mvua haijakatika. Miaka ya 1930 wilaya nzima ilikuwa na watu karibu 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba pamoja na wingi huo wa watu udongo ulimomonyoka kidogo kuliko zamani, na miti mashambani iliongezeka. Waliotabiri jangwa katika miaka ya 1930 hawakulitarajia hilo hata katika ndoto.

Miti, lakini si pori. Mwembe humpa mtu tunda na kivuli. Haumpi kifaru kitu. Mizani ya Machakos ni hiyo, nayo hailali sawa kwa sababu tu ya kitabu kizuri.

Upande wa kaskazini na magharibi, katika nyika za Athi na Kapiti, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Reli ilipopita hapo kuelekea Nairobi mwaka 1899, abiria walitazama madirishani makundi ya nyumbu, punda milia, kongoni na swala yasiyokuwa na mwisho. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda huko, akakaa Kitanga na tena katika shamba la William Northrup McMillan huko Juja. McMillan alifariki mwaka 1925 na kaburi lake liko juu ya Ol Donyo Sabuk, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 2,100 ambao wenyeji huuita Kilimambogo, kwa sababu ya nyati wake. Mlima huo ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1967, na nyati wangali katika msitu wake.

Wanyama wa nyika walidumu kwa sababu moja isiyo ya sifa kubwa: nyika ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa ya ng'ombe, na ng'ombe na nyumbu huweza kula majani ya mahali pamoja. Karibu na Athi River, David Hopcraft alikwenda mbele zaidi. Alitaka kuthibitisha kwamba swala na kongoni, wasiohitaji josho wala maji mengi, waweza kumpa mwenye ardhi nyama na faida bila kuichosha nchi. Alijenga ua, akapewa ruhusa ya kuvuna wanyama kwa kiasi, ingawa Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Baadaye mashamba mengine ya Machakos yaliruhusiwa pia kwa majaribio, mpaka serikali ilipoyasimamisha mwaka 2003, kwa kuwa usimamizi ulilegea na nyama ya magendo ilijificha nyuma ya nyama ya halali. Walioyaanzisha huona kwamba mwenye shamba aliondolewa sababu yake ya kuvumilia punda milia. Waliosimamisha huona kwamba mlango uliofunguliwa kwa mmoja hauwezi kufungwa kwa wengine. Pande zote mbili zina neno la haki ndani yake.

Jambo lisilobishaniwa ni kwamba mashamba makubwa yamekatwa vipande, na kati ya vipande kuna seng'enge, machimbo ya mawe, viwanda na nyumba. Nyumbu waliokuwa wakihama baina ya Mbuga ya Nairobi na nyika za Kitengela na Kapiti walihesabiwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970. Miaka thelathini baadaye walikuwa elfu chache tu. Hakuna aliyetoa amri ya kuwaua. Kila mmoja alijenga ua wake mwenyewe, na ukuta ukatokea. Shamba la utafiti wa mifugo la Kapiti, lenye ekari kama 32,000, ni moja ya mahali pachache palipobaki ambapo ng'ombe na pofu na twiga huonekana katika upeo mmoja wa macho.

Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Ni hatua kubwa ukilinganisha na zamani, ingawa wengi wamelalamika kwamba fedha huchelewa, na mkulima ambaye mahindi yake yameliwa usiku mmoja hawezi kungoja miaka.

Vifaru wenyewe, baada ya Makueni, walipatwa na makuu zaidi. Nchini Kenya walikadiriwa kuwa yapata 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisha pembe ikapanda bei, kwa ajili ya mipini ya majambia ya Yemeni na dawa za Mashariki ya Mbali, na majangili wakaingia kila pori. Katikati ya miaka ya 1980 waliobaki hawakufika 400. Ukilinganisha hesabu hizo, wale waliouawa Makueni kwa miaka miwili na miezi miwili walikuwa zaidi ya mara mbili ya wote waliokuwa hai Kenya nzima miaka arobaini baadaye. Ndipo serikali ilipoanza kuwakusanya katika maboma yenye ua na askari, na moja ya maboma hayo ni Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, lililoanzishwa mwaka 1986. Kwa juhudi hizo, na kwa damu ya askari kadhaa, vifaru weusi wa Kenya wamerudi kufika yapata 1,000.

Wengi wa hao hukaa nyuma ya ua. Lakini kuna kikundi kimoja kidogo, cha wanyama wachache mno, ambacho hakikuwekewa ua wala hakikuletwa kutoka kwingine. Kinakaa katika milima ya Chyulu, mpakani mwa Makueni, katika Mbuga ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1983. Nchi hiyo ni ya mawe meusi ya volkeno, makali kama vioo vilivyovunjika, na mvua inyeshayo juu yake huzama chini isionekane, ikatokea mbali kwenye chemchemi za Mzima, ambako Mombasa hupata sehemu ya maji yake. Mwenye jembe hakuitaka, na mwenye bunduki aliona taabu kuipita. Kwa hiyo vifaru wakabaki. Askari hulinda usiku na mchana, na kamera zilizofungwa penye njia zao hupiga picha gizani. Alfajiri, kabla upepo haujavuma, alama ya mguu wenye kucha tatu huonekana wazi katika vumbi la volkeno, na askari huinama, huipima kwa kamba, huandika kipimo chake katika daftari, kisha huifuata.